Shukrani ya Mzazi kwa Mwalimu wa Mwanawe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa Kiislamu wa Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote zamstahili Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu hajui kitu, akamjaalia wa kumfundisha. Sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.



Kuna madeni ambayo mwenye kudai huyadai, na kuna madeni ambayo mwenye kudai huyanyamazia. Mwenye duka huja mlangoni na daftari lake. Mwenye nyumba huja mwisho wa mwezi, na asipolipwa huja tena siku ya pili. Lakini mwalimu huona haya. Hukutana na mzazi njiani, humwamkia, humwuliza hali ya nyumbani, humweleza jinsi mtoto alivyofika katika juzuu, kisha huenda zake. Na huku ada ya miezi mitatu haijatolewa, na nyumbani kwake unga umekwisha. Kwa kuwa hanyoshi mkono, watu hudhani ya kuwa hana anachodai.

Makusudi ya hotuba hii ni kulitazama deni hilo, na kueleza jinsi baba na mama wawezavyo kumshukuru mwalimu wa mtoto wao, yule wa chuo cha Kurani na yule wa shule, kwa njia iliyo halali, ambayo haimdhili mwalimu wala haimwelemei mzazi.

Kwanza yafaa kuipima kazi yenyewe. Mtoto aingiaye chuoni na umri wa miaka sita, akahitimu na umri wa miaka kumi, amekaa mbele ya mwalimu miaka minne. Ikiwa husoma saa mbili kwa siku, siku tano kwa juma, majuma arobaini kwa mwaka, basi mwalimu amekaa pamoja naye saa 1,600. Je, ni baba gani wa mjini, mwenye kutoka alfajiri na kurudi baada ya Isha, aliyepata kukaa na mwanawe saa 1,600 akimfundisha jambo moja tu? Katika saa hizo mwalimu amemtoa mtoto katika alifu na be, akampitisha katika irabu, akamfikisha katika juzuu ya Amma, akamwendesha hata mwisho wa juzuu 30 na sura 114. Amemfundisha kutawadha, kusali, kutoa salamu na kukaa mbele ya wakubwa. Amemsikiliza akikosea neno moja mara ishirini, na mara ya ishirini na moja akamsahihisha kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Kazi ya namna hii haionekani kwa macho kama nyumba iliyojengwa au gari lililotengenezwa. Huonekana baadaye, siku ambayo mtoto amekuwa mtu.

Waislamu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika wana sababu yao wenyewe ya kutosahau. Dini ilifika pande hizi katika karne ya 19, pamoja na wafanya biashara wa Pwani waliofanya Ujiji kuwa kituo chao, na lugha ya Kiswahili ikaja nayo. Baadaye, katika siku za utawala wa Kibelgiji, uliokwisha tarehe 1 Julai 1962, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko, wasije wakatolewa katika dini yao. Kwa watoto wengi wa siku hizo chuo cha Kurani ndicho kilichokuwa shule yao ya pekee, na mwalimu wa chuo ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa pekee. Mwalimu huyo hakuwa na mshahara wa Serikali wala wa misheni. Alifundisha barazani, kisha akashika sindano yake au biashara yake ndogo apate riziki. Ikiwa leo mtoto wa Buyenzi aweza kusimama juu ya kaburi la babu yake akamsomea Yasini bila ya kutafuta mtu wa kumsomea, hayo ni matunda ya mti uliopandwa na watu wale, na wengi wao walikufa maskini.

Shukrani katika dini si neno la ulimi peke yake. Wanavyuoni wameeleza ya kuwa shukrani ina mahali patatu: moyoni, kwa kuijua neema na kumjua aliyeileta, ulimini, kwa kuitaja, na katika viungo, kwa kutenda. Bwana Mtume amefundisha ya kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu, na ya kwamba mtu akitendewa wema aulipe, na asipopata cha kulipa, basi amwombee dua mtenda wema hata aone ya kuwa amemtosheleza. Angalia mpango wa mafundisho hayo: malipo yametangulia, na dua imewekwa kwa asiyepata. Wako wazazi waliopindua mpango huo. Wanacho cha kulipa, lakini wao hutoa dua tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika kumshukuru mwalimu ni kumlipa haki yake, na kuilipa kwa wakati. Mtume ameamrisha mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mzazi amleteaye mwalimu kanzu siku ya Idi, na huku ada ya miezi mitano haijalipwa, hakumpa zawadi. Amemrudishia sehemu ndogo ya mali yake mwenyewe kwa sura ya ukarimu. Yafaa deni liitwe deni, na zawadi iitwe zawadi.

Hapa husikika maneno ya watu wengine, kwamba kufundisha Kurani ni ibada, na ibada haiuzwi. Maneno haya yana asili, lakini yametumiwa pasipo mahali pake. Ni kweli kwamba wanavyuoni wa Kihanafi wa zamani walikataza ujira wa kufundisha Kurani. Lakini wale waliokuja baada yao katika madhehebu hayo hayo waliuruhusu, walipoona ya kuwa waalimu wasipopata cha kula watayaacha mafundisho, na mafundisho yakiachwa Kurani itapotea vifuani mwa watu. Ama Imamu Malik na Imamu Shafii waliuruhusu, na madhehebu ya Shafii ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki. Tena mwalimu hauzi Kurani. Anachopewa ni badala ya saa zake, ambazo lau angalizitia sokoni zingalimletea chakula.

Imesimuliwa ya kwamba Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo za hariri katika mji wa Al-Kufa nchini Iraki, mwanawe Hammad alipoihifadhi Sura ya Alhamdu, alimpelekea mwalimu wake dirham 500. Mwalimu akastaajabu, akaona fedha hizo ni nyingi mno kwa kazi aliyoifanya. Imamu akamjulisha kwamba alichomfundisha mtoto ni kikubwa kuliko fedha zile, na lau angalikuwa na zaidi angalimpa zaidi. Na huyo ni Abu Hanifa, ambaye elimu yake mwenyewe ilitosha kumfundisha mtoto sura hiyo kwa jioni moja. Hakuipima kazi ya mwalimu kwa urefu wa sura, bali kwa uzito wake.

Lakini si kila mzazi ana dirham 500. Imamu Shafii alizaliwa Ghaza mwaka 767, ambao ndio mwaka aliofariki Abu Hanifa, akafiwa na baba yake angali mchanga. Mama yake akamchukua mpaka Makka, wala hakuwa na kitu cha kumpa mwalimu. Imesimuliwa ya kwamba mwalimu aliridhika mtoto yule awaangalie wanafunzi wenzake wakati yeye ameondoka, na hiyo ikawa ndiyo ada yake. Katika kisa hiki mna mambo mawili. La kwanza, mama yule hakumzuia mwanawe nyumbani kwa haya ya umaskini. La pili, alichoweza kukitoa alikitoa, ijapokuwa kilikuwa utumishi wa mtoto tu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama auzaye ndagala katika soko la Ruvumera, akiweka kando kila juma bei ya fungu moja, mwisho wa mwezi hatakosa cha kutia mkononi mwa mtunza fedha. Na fundi wa gari, au seremala, au mwashi, aliyekosa fedha mwezi huu, aweza kuitengeneza baiskeli ya mwalimu, au kuliziba paa la chuo kabla ya masika, au kuunga mguu wa benchi uliovunjika. Hayo ni malipo kamili, ikiwa mwalimu ameyaridhia tangu mwanzo.

Ama yatima na mtoto wa fukara, si haki mzigo wake uachwe juu ya mwalimu peke yake. Mara nyingi mwalimu humpokea bila ya ada kwa kutaka radhi ya Mungu, na watu wote husema, "Mwalimu huyu ana huruma," kisha huondoka. Sadaka ya mwalimu imekuwa sifa ya mtaa mzima, lakini ni yeye peke yake aliyeitoa. Majirani watano wakishirikiana kumlipia yatima mmoja, kila mmoja atatoa kidogo, na wote watapata thawabu, wala mwalimu hatalala na njaa kwa sababu ya wema wake.

Tena iko desturi nyingine ipasayo kusahihishwa. Mwezi wa Ramadhani wako wazazi wampelekeao mwalimu zaka zao, wakahesabu moyoni kwamba wamemaliza deni la ada. Zaka si mshahara. Ikiwa mwalimu ni fukara, yu katika watu wanaostahili kupewa zaka, naye apewe. Lakini zaka hailipi deni la mtoaji. Aliye na deni la ada na wajibu wa zaka ana mambo mawili ya kutekeleza, wala moja haliondoi la pili.

Namna ya kulipa nayo ina adabu yake. Si vizuri mwalimu azunguke mlango kwa mlango akikusanya ada, wala si vizuri mtoto asimamishwe mbele ya wenzake kwa sababu baba yake hakulipa. Njia iliyo bora ni wazazi wa chuo kimoja wachague mtu mwaminifu wa kushika daftari, na mwingine wa kushika fedha. Wazazi walipe kwao, na mwisho wa mwezi mwalimu aletewe fungu lake lote kwa pamoja ndani ya bahasha. Njia hii ina faida tatu. Mwalimu hageuzwi kuwa mdai. Mtoto haoni haya. Na mwalimu hajui ni nani aliyetoa nyingi na ni nani aliyetoa kidogo, na kwa hiyo moyo wake huwa sawa juu ya watoto wote. Mwisho wa mwaka daftari lifunguliwe mbele ya wazazi wote, kwa kuwa fedha isiyohesabiwa huzaa maneno, na maneno huvunja chuo.

Jambo la pili ni heshima ndani ya nyumba. Mtoto hujifunza kumheshimu mwalimu si chuoni, bali nyumbani, wakati wa chakula cha usiku. Akimsikia baba yake akisema, "Mwalimu gani huyu, kanzu yake imechanika," au akimsikia mama yake akicheka namna mwalimu atamkavyo Kifaransa, basi kesho yake ataingia darasani na masikio yaliyozibwa. Baba aliyelipa ada usiku akamdharau mwalimu asubuhi amebomoa kwa mkono mmoja alichokijenga kwa mkono wa pili. Imesimuliwa ya kwamba mama wa Imamu Malik, alipompeleka mwanawe kwa mwalimu katika mji wa Madina, alimvika nguo njema na kilemba, akamwusia ajifunze adabu za mwalimu wake kabla ya kujifunza elimu yake. Mama yule hakusema mengi, lakini mtoto alitoka nyumbani akijua ya kuwa anakokwenda ni mahali patukufu.

Heshima hii haina maana ya kufumba macho. Waalimu nao ni watu, na mtu hukosea. Mzazi akiwa na jambo juu ya mwalimu, na amwendee mwenyewe, faraghani, baada ya watoto kuondoka, amweleze kwa adabu na amsikilize. Asimfokee mlangoni, wala asimtume mtoto kuwa mjumbe wa ugomvi. Na mtoto akiumizwa kwa kipigo au kwa jambo jingine lisilo halali, si heshima kunyamaza. Habari ipelekwe kwa wazee na kwa wenye mamlaka upesi. Kumlinda mtoto ni amana ya mzazi, wala hapana mwalimu mwema atakayechukizwa na amana hiyo.

Jambo la tatu ni kumfundisha mtoto ashukuru mwenyewe. Shukrani ya mzazi ikikaa kwa mzazi peke yake, mtoto hukua akidhani kwamba mwalimu ni mtumishi wa baba yake. Yafaa mtoto afundishwe kumwamkia mwalimu wake kila amkutapo, hata sokoni, hata baada ya kuhama chuo. Kumpokea mzigo njiani. Kufika kwa wakati, amekwisha kuoga na kupitia somo lake la jana. Kwa mwalimu wa kweli hapana zawadi iliyo bora kuliko mtoto aliyekuja tayari. Mzazi akaaye na mwanawe robo saa kila jioni, akamsikiliza akisoma, amempunguzia mwalimu kazi ya kesho. Na huyo amemshukuru mwalimu, ijapokuwa hakutoa hata faranga moja. Udongo uuwahi ungali maji.

Jambo la nne ni zawadi, na hapa pana hatari. Kupeana zawadi ni suna, na huzidisha mapenzi baina ya watu. Mtoto akihitimu Kurani, ni vizuri jamaa zake wamwite mwalimu, wamweke mahali pa heshima, wapike, wamsomee dua, wampe kanzu au kitambaa au fedha kwa kadiri ya uwezo wao. Lakini iko zawadi iendayo kwa mwalimu wiki moja kabla ya mtihani, na iko zawadi iendayo pamoja na maneno haya: "Mwalimu, mtoto huyu mtazame." Hiyo si shukrani. Mtume alipomtuma mtu mmoja kukusanya zaka, naye akarudi akasema ya kwamba hizi ni mali za zaka na hizi ni zawadi alizopewa yeye, Mtume alikasirika, akauliza kama mtu huyo angaliletewa zawadi hizo lau angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Mzazi aweza kuipima zawadi yake kwa mizani hiyo hiyo. Je, angaliipeleka lau mwalimu yule hashiki kalamu ya kumpasisha au kumwangusha mwanawe? Ikiwa jawabu ni la, basi zawadi hiyo na irudi ndani.

Aliyempa mwalimu rushwa amewadhulumu watu watatu. Amemdhulumu mtoto wa maskini, aliyesoma akaachwa nyuma. Amemdhulumu mwanawe mwenyewe, ambaye atapata cheti pasipo elimu na kuaibika nacho siku ya kazi. Na amemdhulumu mwalimu, kwa kumnunua kwa bei ndogo. Kwa hiyo yapasa zawadi itolewe baada ya mtihani na matokeo, itolewe hadharani, na ingefaa zaidi itolewe na wazazi wa darasa zima kwa pamoja, isiwe na jina la mtu mmoja.

Jambo la tano ni mwalimu wa shule. Wako wazazi wanaomjua mwalimu wa chuo, lakini mwalimu wa shule hawalijui hata jina lake. Husema ya kuwa yeye analipwa na Serikali, basi hana dai juu yao. Yafaa wakumbuke ya kwamba mwaka 2005 ada ya shule za msingi iliondolewa katika Burundi. Lilikuwa jambo la heri, na watoto wengi ambao wangalibaki nyumbani waliingia shule. Lakini vyumba vilijaa, na mzigo wa kwanza wa heri hiyo uliangukia mabega ya mwalimu. Mzazi aliyepunguziwa ada hakupunguziwa wajibu. Mwalimu wa shule hamtaki mzazi amletee unga. Amtaka afike aitwapo mkutanoni. Alitazame daftari la mwanawe na kulitia sahihi. Amnunulie kalamu na daftari kabla ya kumnunulia viatu vya fahari. Asimtoe mtoto darasani siku ya soko akamsaidie biashara. Na siku mtoto akipasi, mzazi aende shuleni kwa miguu yake mwenyewe, amshike mwalimu mkono, amwambie, "Mwalimu, ahsante, kazi yako nimeiona." Maneno hayo hayana gharama, na mwalimu mwingine hufundisha miaka mingi asiyasikie hata mara moja.

Na ikiwa mwalimu huyo si Mwislamu, shukrani yake haipungui. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, imesimuliwa ya kwamba walikuwako miongoni mwa mateka wa Makka watu waliojua kuandika, lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa. Mtume akakubali kila mmoja wao awafundishe kuandika watoto kumi wa Madina, na hiyo ikawa ndiyo fidia yake. Watu hao walikuwa waabudu masanamu, na siku chache nyuma walikuwa wameshika panga dhidi ya Waislamu. Hata hivyo kazi yao ya kufundisha ilipewa thamani sawa na uhuru wa mtu. Basi itakuwaje kwa mwalimu wa Kikristo ambaye hakushika upanga, bali ameshika chaki, naye amfundisha mtoto wa Kiislamu hesabu na lugha kwa moyo wake wote? Kadhalika wasisahauliwe waalimu wanawake, wafundishao watoto wadogo nyumbani mwao, huku chungu kiko jikoni na mtoto wao wenyewe yuko mgongoni. Watu huwaita kwa majina ya watoto wao, wakasahau kuwaita waalimu.

Jambo la sita ni kumkumbuka mwalimu baada ya kazi. Mataifa yameweka siku ya kuwaheshimu waalimu duniani, nayo ni tarehe 5 Oktoba, ambayo imeadhimishwa kila mwaka tangu 1994, kwa ukumbusho wa mapendekezo juu ya haki na hali ya waalimu yaliyopitishwa Paris mwaka 1966. Ni jambo jema. Lakini mwalimu hazeeki kwa siku moja, wala haugui kwa siku moja. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini, macho yake yakaingia kiza kwa kusoma kwa taa ndogo, hukaa nyumbani kwake na hodi haipigwi. Wanafunzi wake wamekuwa wenye maduka na wenye magari. Hupita mbele ya mlango wake wakienda msikitini. Kwa mtu kama huyo yafaa wanafunzi wa zamani wapange zamu: juma hili fulani amtembelee, juma lijalo fulani. Mmoja ampeleke kwa daktari, mmoja amsomee, mmoja alete chakula cha Ijumaa. Na akifariki, wajane wake na watoto wake wasiachwe kuuza vitabu vyake.

Imesimuliwa ya kwamba Imamu Abu Hanifa, baada ya kufa mwalimu wake Hammad bin Abi Sulaiman, hakusali sala yo yote ila alimwombea maghufira pamoja na wazazi wake mwenyewe. Dua hapa imekuja mahali pake. Imekuja baada ya haki kulipwa, baada ya heshima, baada ya utumishi. Imekuja kwa mtu ambaye mkono wa mwanafunzi hauwezi kumfikia tena.

Wazazi watukufu, chuo hakifi kwa siku moja. Hufa mwalimu mmoja anapochoka akaenda kutafuta kazi nyingine, na mahali pake pasipatikane mtu. Kwa kuwa vijana wenye akili wametazama maisha ya mwalimu wao, wakaona jinsi alivyoishi, wakaapa mioyoni mwao kwamba wao hawataishika kazi ile. Hilo ndilo lenye kuogopesha. Mtaa usiomtunza mwalimu wa leo haumpati mwalimu wa kesho, na watoto wa watoto watarithi misikiti mizuri isiyo na wa kusoma ndani yake.

Basi iwe kazi ya kila nyumba, kabla ya mwezi huu kwisha, kulitazama deni lake. Mwenye ada isiyolipwa na ailipe, au aende kwa mwalimu amwombe muda kwa ulimi wake. Mwenye mwalimu mgonjwa na amwendee. Na asiye na kitu na amfunze mwanawe kusimama mbele ya mwalimu wake na kumwambia ahsante.

Mwenyezi Mungu awarehemu waalimu waliotangulia, aliowajaalia kuiwasha taa kandokando ya ziwa hili. Awape waliopo afya, subira na riziki ya halali. Awajaalie watoto elimu yenye manufaa. Na awajaalie wazazi kuwa katika wale wanaoijua neema na kuishukuru.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.